Misonobari ya Baba Inataka Sahihi Mbili

Njia ya Mlima Nebo, North Carolina
8 Machi 1998

Mpendwa mdogo wangu Thaddeus,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu mchangani. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kulia, ambalo linajua mvua inakuja kabla redio haijasema. Natumaini wewe na Corinne hamjambo, na binti yenu Rochelle anaendelea vizuri na zamu zake za hospitali. Krismasi tulipigiana kelele kwenye simu dakika kumi nzima na hakuna aliyeambulia kitu. Kuanzia leo ni barua. Zile mashine za ghala la barafu zimekula masikio yako, lakini macho zimekuachia.

Habari za huku: jirani wa mashariki ameuza. Wa magharibi aliuza mwaka juzi, na misonobari yake yote ikalazwa chini. Sasa pale pana nyumba themanini za rangi moja, mtu akitoka kazini lazima ahesabu milango ndipo aijue yake. Na watu hao wakisikia mizinga ya kambini, wanapiga simu kulalamika! Wamenunua nyumba ubavuni mwa kambi ya jeshi, halafu wanashangaa askari wanafyatua.

Basi jeshi limechoka kulalamikiwa, na ndiyo sababu ya barua hii. Kuna shirika la hifadhi linazunguka kwa wenye ardhi waliopakana na kambi. Linatumia fedha za jeshi kununua kitu kimoja tu, haki ya kujenga. Ardhi inabaki yetu, Thad, ekari zote mia na kumi. Nyumba inabaki yetu. Tutaendelea kukusanya majani makavu ya misonobari na kuyauza. Kinachoondoka ni uwezo wa mtu yeyote, leo au miaka mia ijayo, kupanda hapa nyumba themanini.

Wanaitaka misonobari yetu mizee kwa ajili ya yule kigong'ota mdogo anayechimba tundu kwenye mti ulio hai. Nje ya kambi miti mizee imekwisha, ndege wote wamejazana ndani, na askari wanakatazwa kufanya mazoezi mahali ndege alipolala. Ningependa kuiona sura ya jenerali anayeambiwa asimame kwa sababu ya ndege anayeenea kiganjani.

Masharti ni matatu. Tusigawe viwanja. Misonobari mizee isikatwe. Na msitu uchomwe kila mwaka wa tatu, kama alivyokuwa akifanya Baba.

Baba hakuacha wasia, kwa hiyo ardhi ni yako na yangu, na zinatakiwa sahihi mbili. Mwisho ni tarehe 30 Septemba, baada ya hapo fedha zinarudi zilikotoka. Yangu nimeshatia. Karatasi zimo humu; yako itie mbele ya mthibitishaji wa sahihi, uzirudishe kwa posta. Unajua yaliyowapata akina Ray: binamu mmoja aliuza fungu lake kwa mtu wa nje, huyo mtu akaenda mahakamani, na shamba zima likapigwa mnada.

Msalimie sana Corinne.

Dada yako akupendaye,
Vernell


Philadelphia
2 Aprili 1998

Dada Vernell,

Nimepata barua yako na karatasi. Sisi hatujambo. Rochelle amepandishwa cheo. Corinne ameniwekea chumvi mbali na meza kwa amri ya daktari, kwa hiyo maisha hayana ladha, ila yapo.

Kuhusu hizo karatasi, sijatia sahihi. Mwaka 1918 kambi ilimchukulia Babu shamba lake na kumpa muda wa kuvuna mahindi tu. Alihama na mkokoteni. Leo watu walewale wanataka kuniwekea masharti kwenye kipande kilichobaki. Siwezi.

Mtu wa kampuni ya nyumba ameniandikia mara mbili akitaka nusu yangu. Sijamjibu. Barua zake sijazitupa pia.

Litunze goti.

Thad


Njia ya Mlima Nebo
19 Aprili 1998

Mpendwa Thad,

Salamu za Mungu. Nimefurahi kwa ajili ya Rochelle, nimemtangaza kanisani kana kwamba nilimzaa mimi. Sukumawiki zimemaliza msimu na sasa naanza mbaazi. Goti linakushukuru.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Naomba nikujibu bila kukuficha kitu.

Babu hakuulizwa. Sisi tumeulizwa, na mtu aliyeulizwa anaweza kusema hapana. Lakini hapana yako haitaliumiza jeshi hata kidogo. Itaniumiza mimi. Babu amelala ndani ya kambi ile, kwenye makaburi ya zamani ya ukoo, na kila Mei wananifungulia lango nikapalilie kaburi lake, askari kijana ananibebea jembe na kuniita mama. Mwenye nyumba themanini atanifungulia lango gani? Mizinga nimeizoea. Vikombe vinacheza kabatini, navisubiri vitulie, naendelea na chai.

Juzi alikuja bwana misitu wa lile shirika, kijana wa kizungu anayeitwa Pruitt, mrefu kama nguzo ya simu. Tulizunguka msitu mzima. Akasimama chini ya msonobari mmoja akaukumbatia. Nikamwambia, "Baba yangu angekutoza kwa hilo."

Akacheka. "Mama Goins, mti huu una miaka mia mbili. Baba yako alikuwa akiuchomea chini kila baada ya muda, ndiyo maana bado umesimama. Msitu huu bila moto unajifunga, vichaka vinapanda, ndege anakimbia. Nani alimfundisha?"

"Baba yake."

"Na yeye alimfundisha nani?"

Nilikutaja wewe, Thad. Nilisema nina mdogo wangu wa kiume, ndiye aliyefundishwa kushika mstari wa moto, kuulinda usivuke, yuko Philadelphia. Sikusema zaidi.

Sasa niambie ukweli. Mambo ya Babu na mkokoteni sijakusikia ukiyataja miaka yote hii. Umeyaokota wapi leo? Kama umejificha nyuma ya Babu, toka, nakuona.

Vernell


Njia ya Mlima Nebo
9 Juni 1998

Thaddeus,

Wiki saba. Hata mfungwa anaruhusiwa kuandika.

Yule wa kampuni ya nyumba jana aliegesha gari yake kwenye njia yangu, akashuka na kuanza kupima kwa hatua. Nilitoka na ufagio. Aliniambia, bila hata kuvua kofia, kwamba anatarajia "kuelewana na mwenzangu." Mwenzangu ni nani kama si wewe?

Kama umeuza, niambie nianze kufunga vyombo. Kama hujauza, niambie pia, maana chakula hakipiti.

Salamu kwa Corinne. Wewe sikusalimii.

Vernell


Philadelphia
21 Juni 1998

Dada Vernell,

Sijauza. Tuliza moyo, ule chakula.

Nimeanza barua hii mara nne. Corinne amesema nisipoimaliza ataimalizia yeye, na ataandika asiyoyajua.

Si Babu. Ni lile sharti la tatu.

Siwezi kuweka jina langu kwenye karatasi inayosema msitu ule utachomwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba aliniambia, "Simama hapa kwenye mstari, usiondoke, moto ukiruka piga kelele." Sikuondoka, Vernell. Nakuapia sikuondoka. Lakini kulikuwa na moshi kila upande, na kwa muda kidogo nilifumba macho kwa sababu yalikuwa yanawasha. Nilipoyafumbua, kengele ilikuwa inalia na kanisa, pale ukingoni mwa msitu, linawaka. Kanisa walilolijenga watu wenyewe kwa mbao zao, na mimi ndiye niliyefumba macho.

Baba hakunipiga. Heri angenipiga. Alisimama mbele ya watu akasema, "Kosa ni langu, nimemwachia mtoto kazi ya mtu mzima." Tangu siku ile nilikuwa Mchoma Kanisa. Shuleni, dukani, kisimani. Ulikuwepo, ulisikia. Nilipofika miaka kumi na sita nikapanda basi, na nikatafuta kazi mahali penye baridi kuliko pote mjini.

Kwenye mazishi ya Baba nilisimama nje. Watu walidhani nina kiburi. Sikuweza kuingia kwenye kanisa la matofali na kukaa na watu waliolilipia mara ya pili kwa sababu yangu.

Na wewe unaishi peke yako kwenye nyumba ya mbao katikati ya msitu huo. Unaniomba nisaini uwashwe kila mwaka wa tatu. Sisaini kitu kitakachokuunguza dada yangu. Nikimuuzia yule mtu, angalau atakata miti yote na utakuwa salama mahali pengine.

Sasa umejua. Tusiongee tena jambo hili.

Thad


Njia ya Mlima Nebo
3 Julai 1998

Mpendwa Thad,

Barua yako imefika. Ahsante kwa kuandika.

Mbaazi mwaka huu ni nyingi, nimegawa mpaka watu wananikimbia. Kwaya imepata mpiga piano mpya, ana mbwembwe sana lakini anafika kwa wakati. Mvua imetosha. Hapa hakuna jipya.

Nitakuandikia kuhusu lile jingine. Usimwandikie yule mtu. Nakuomba kwa jina la Mama, usimwandikie kabla hujasikia kutoka kwangu.

Vernell


Njia ya Mlima Nebo
27 Julai 1998

Thaddeus mdogo wangu,

Leo sina salamu. Nikianza na salamu nitaishia kwenye mbaazi tena.

Hukulichoma kanisa. Nililichoma mimi.

Acha niandike yote moja kwa moja, mkono usije ukasimama. Ilikuwa Jumamosi, tarehe tano Februari 1949, na kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya meza ya Bwana. Mama alikuwa na homa, akanituma nikafue vile vitambaa vyeupe vya meza kwenye kisima cha kanisa. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Niliwasha moto chini ya ile sufuria kubwa ya chuma, kwa kuni za msonobari zenye mafuta, nikachemsha, nikafua, nikaanika. Sheria unaijua: ukimaliza unamwaga maji kwenye makaa mpaka yaache kulia, kisha unafukia mchanga. Kila msichana wa Mlima Nebo aliijua sheria hiyo kabla ya kujua kusoma.

Sikumwaga maji. Lemuel Goins alikuwa ananingoja barabarani na baiskeli ya kaka yake, na aliniambia hawezi kungoja sana. Nilisema nitarudi baada ya dakika tano. Tulifika mpaka darajani.

Niliporudi majani makavu kati ya sufuria na ngazi za kanisa yalikuwa yameshika, na moto umeshapanda ukutani. Nilijaribu kuuzima kwa vitambaa vya meza ya Bwana, Thad. Ndiyo maana havikuonekana tena. Kisha nikapiga kengele. Niliyepiga kengele ni mimi.

Watu walipofika waliona moshi wa Baba umetanda msitu mzima, na kila mtu akajua papo hapo moto umetoka wapi. Hakuna aliyeniuliza. Nilifungua mdomo, Mungu ni shahidi nilifungua, na hapo ndipo Baba alipoanza kusema kosa ni lake. Nikaufunga. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho Mama alikuwa anazidiwa. Kesho kutwa ningeulizwa nilikuwa na nani darajani. Halafu Lemuel akanioa, na kila mwaka uliopita ukafanya jambo hili liwe gumu zaidi kulisema. Lemuel alikufa bila kusema na mimi nilikuwa nashukuru kwamba hakusema. Tazama mtu niliyekuwa.

Mstari wako haukuvukwa. Baba mwenyewe alikwenda kuukagua wiki ile, akaniambia jikoni, "Siuelewi moto huu, mbona mstari wa mtoto ni mzima?" Nilikuwa namenya viazi. Niliendelea kumenya viazi.

Sasa mimi ni mama wa kanisa. Nakaa benchi la mbele na kofia nyeupe. Wasichana wananiletea siri zao. Na wewe uliondoka na jina langu mgongoni.

Sikuombi unisamehe leo. Sikuombi hata usaini. Ukitaka kumuuzia yule mtu baada ya kusoma hii, utakuwa na haki, na nitafunga vyombo bila neno. Lakini ukikataa, usikatae kwa sababu ya moto wako. Hukuwa na moto.

Vernell


Njia ya Mlima Nebo
17 Agosti 1998

Thad,

Hujajibu na sikudai.

Nakuandikia tu ujue kwamba jana ilikuwa Jumapili ya Kurudi Nyumbani. Walikuja watu kutoka Washington, Baltimore, mpaka Detroit. Baada ya wimbo wa tatu nilisimama. Mchungaji alidhani nataka kutangaza chakula.

Nimewaambia yote. Baiskeli, daraja, vitambaa, Baba, na wewe. Nilisema jina lako zima, Thaddeus Josiah McRae, nikasema mtoto huyu hakufanya kitu.

Kisha Hattie Bell Ray, nyuma yangu, akanivuta gauni. "Vernell, keti chini, joto limekupanda kichwani."

"Hattie Bell, joto limenipanda mwaka 1949. Leo ndiyo linashuka."

Mzee mmoja akaanza kulia kwa sauti. Alisoma na wewe darasa moja, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukuita lile jina. Amesema nikuandikie kwamba anaona aibu. Wengine hawajanisalimia mpaka sasa, na kwenye meza ya chakula nilikula peke yangu, keki yangu ya viazi vitamu haikuguswa. Sawa. Nilirudi nyumbani nikalala mchana wote kama mtoto mchanga. Sijalala vile tangu nikiwa msichana.

Tarehe 30 Septemba bado ipo. Nimemweleza Pruitt kwamba sijui. Akasema, "Tutangoja, Mama." Na kuhusu nyumba yangu: wao huja watu kumi na mbili na magari ya maji, wanalima mkanda wa mchanga kuzunguka nyumba kabla ya kuwasha kiberiti, na siku ikiwa na upepo wanarudi makwao. Nakwambia ili usiwe na hofu, si ili usaini.

Vernell


Philadelphia
22 Septemba 1998

Dada Vernell,

Karatasi zimo humu ndani. Nimesaini kila mahali palipowekwa alama, na pale kwenye sharti la tatu mthibitishaji ameniuliza kama nimelisoma. Nimemwambia nimelisoma kuliko mtu yeyote aliye hai. Zipeleke mwenyewe kwa mkono, usizipe posta tena. Barua za yule mtu wa nyumba zimekwenda na takataka za Jumanne.

Sasa nikwambie jinsi ilivyokuwa, maana sitaki udhani ilikuwa rahisi.

Nilikasirika. Sijui kama nimewahi kukasirika vile. Wiki ya kwanza sikuweza kula mezani na Corinne kwa sababu katika kila alichonipa nilikuona wewe ukimenya viazi. Miaka arobaini na tisa! Nilikosa harusi yako. Sikumwona Baba akizeeka. Rochelle hajawahi kuikanyaga ile ardhi, kwa sababu nilikuwa namlinda asisikie baba yake anaitwaje huko. Yote hayo kwa safari ya baiskeli. Siku moja nilichukua kalamu nikaanza kumjibu yule mtu wa nyumba. Niliandika mpaka bei. Nilitaka utoke humo na vyombo vyako, ujue kuondoka kunafananaje.

Barua yako ya Agosti ilipofika sikuifungua. Corinne aliifungua, akanisomea kwa sauti kubwa jikoni, mpaka majirani wa juu nao sasa wanajua habari zetu. Alipofika kwa Hattie Bell kukuvuta gauni nilicheka. Sikutaka kucheka. Nilicheka mpaka nikashika sinki, kisha nikalia, na Corinne akaacha kusoma akanishika. Nililia kwa ajili ya yule mtoto aliyesimama kwenye mstari. Hakuondoka, Vernell. Alifanya alivyoambiwa. Hakuna aliyewahi kumwambia amefanya vizuri.

Bado nina hasira, na huenda nikawa nayo tutakapoonana. Utaivumilia. Rochelle ameomba likizo ya Novemba, tutakuja watatu, na ninataka kuuona huo msonobari wa miaka mia mbili na huyo kijana anayekumbatia miti. Lakini kifua changu kimekuwa chepesi, siwezi kukuficha. Naamka asubuhi natafuta ule uzito mahali ulipokuwa, haupo.

Jumapili iliyopita nilikwenda ibada. Tuna muda kidogo wa kimya, ambapo kila mtu anamwambia Mungu yake. Mimi yangu ilikuwa moja tu, kila Jumapili tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, nisamehe kwa kanisa. Niliinamisha kichwa, nikafungua mdomo, nikakuta sina la kusema. Nilikaa pale na kichwa kimeinama kama abiria anayengoja kituo chake na basi limeshamshusha. Nikaanza kuhesabu ni Jumapili ngapi. Zaidi ya elfu mbili na mia tano, Dada. Nimeomba msamaha mara zaidi ya elfu mbili na mia tano, kwa moyo wangu wote, kwa kosa ambalo sikulifanya.

Msamaha wote ule lazima ulitolewa, na mimi sikuwa na kazi nao. Uchukue wewe.

Mdogo wako,
Thaddeus